Sewa Haji: Tajiri wa misafara aliyewaachia wagonjwa majumba yake

ANAYEJENGA vyumba vya kupangisha Kasekese, wilayani Tanganyika mkoani Katavi, hana budi kupiga hesabu mbili. Ya kwanza ni kodi atakayoipokea kila mwezi. Ya pili ni kitu gani kitakachowaleta wapangaji miaka kumi ijayo, na hiyo ndiyo ngumu. Mji jirani wa Mpanda uliwahi kuionja pale mgodi wa risasi, uliovutiwa reli, ulipofungwa mwaka 1960.

Hesabu hizo alizipiga kwa kiwango kikubwa tajiri wa Bagamoyo, Sewa Haji Paroo.

Alizaliwa Zanzibar mwaka 1851 katika familia ya Waismailia yenye asili ya Kutch, India. Ukoo wake ulikuwa na duka Zanzibar na jingine Bagamoyo, naye akaingia katika biashara angali kijana. Kazi yao ilikuwa kuiwezesha misafara ya bara: kukopesha vitambaa, shanga na waya, kutafuta wapagazi, kisha kungoja pembe za ndovu.

Mwaka 1871, akiwa na umri wa miaka 20 tu, alipewa kazi ya kumtafutia wapagazi Henry Morton Stanley, aliyekuwa akienda kumsaka David Livingstone. Stanley alimlalamikia sana kitabuni mwake kwa ujanja wa bei. Yaelekea kijana yule alikwisha kutambua kwamba mgeni ana haraka, na mwenye haraka hulipa. Msafara huo ulipofika Tabora ulikuta vita vya Mirambo vimeifunga njia ya Ujiji, ukazunguka kusini kupitia Ukonongo na Ukawendi, nchi ambazo kwa sehemu kubwa leo zimo Katavi.

Mchepuko huo waonyesha hatari aliyoibeba kila mkopeshaji wa Bagamoyo. Mali iliyopelekwa bara iliweza kurudi na faida nono, au isirudi kabisa. Ndui, vita, wapagazi kutoroka, au kifo cha mdaiwa mmoja viliweza kumfilisi mtu aliyeketi barazani pwani. Hivyo si ajabu kwamba Sewa Haji alikuwa na majumba Bagamoyo na Dar es Salaam. Pato la nyumba ni dogo kuliko la pembe, lakini nyumba haitoroki na mzigo.

Hata hivyo, nyumba haikimbii vita pia. Katika mapigano ya Abushiri na Wajerumani, mwaka 1888 na 1889, mji wa Bagamoyo uliharibiwa vibaya. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao yao makuu Dar es Salaam. Aliyekuwa na mali Bagamoyo peke yake alibaki akitazama maofisa, na nyuma yao wapangaji wenye fedha, wakiondoka. Sewa Haji alikuwa na mguu katika kila mji.

Hiyo ilikuwa busara, ingawa haikuwa kinga kamili. Miji yote miwili ilikuwa chini ya serikali moja, na Bagamoyo iliishi kwa miguu ya wapagazi. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Kigoma mwaka 1914, na misafara ikafa. Sewa Haji hakuliona hilo; alifariki Zanzibar Februari 1897.

Kabla ya hapo alikuwa ametoa nyumba ya ghorofa Bagamoyo iwe shule isiyobagua rangi, na fedha za kujengea hospitali Dar es Salaam. Wasia wake ulikwenda mbali zaidi. Majumba na viwanja vyake katika miji hiyo miwili aliviacha kwa sharti kwamba pato lake liwatunze wagonjwa wa ukoma wa Bagamoyo na wagonjwa wa hospitali, bila kujali asili yao.

Kwa maneno mengine, waliokuwa wakimtegemea mpangaji alipe sasa walikuwa watu wasioweza kufanya kazi. Kila chumba kilichokaa kitupu Bagamoyo kiliwapunguzia wao.

Jina lake lingali juu ya jengo moja la wodi katika Hospitali ya Taifa Muhimbili.