Mohamed Amin: Kijana wa Kamera Aliyeingia Unguja

Akitajwa marehemu Mohamed Amin, wengi wetu hukumbuka njaa ya Ethiopia. Ni haki kukumbuka hivyo. Lakini mtu huyu hakuanzia Ethiopia. Alianzia hapa hapa pwani, na kazi iliyomwingiza katika mambo mazito ilikuwa Mapinduzi ya Unguja ya mwaka 1964, wakati yeye mwenyewe ni kijana wa miaka 20 tu.

Alizaliwa Nairobi tarehe 29 Agosti 1943, katika nyumba ya Waislamu wenye asili ya Punjab. Angali mdogo, wazazi wake walihamia Dar es Salaam, na huko ndiko alikosomea. Alipokuwa bado mwanafunzi alijipatia kamera kuukuu aina ya Box Brownie. Kuanzia hapo masomo yakawa nyuma na kamera ikawa mbele. Akiwa bado mtoto wa shule alikwisha kupiga picha za mashindano ya magari ya Safari, akisimama kando ya barabara pamoja na watu wazima waliolipwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1963 alifungua Dar es Salaam duka lake la picha, akaliita Camerapix. Hakuwa na fedha nyingi wala jina. Alikuwa na miguu myepesi.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, Unguja iliwaka. Wanamapinduzi waliteka kambi ya polisi ya Ziwani na kujipatia bunduki, na kabla ya siku kwisha serikali ya Sultan Jamshid bin Abdullah, iliyopata uhuru mwezi mmoja tu nyuma, ilikuwa imeanguka. Sultan alipakia jamaa zake katika meli yake, Seyyid Khalifa. Meli ilipofika Mombasa ilikataliwa kuteremsha watu, ikabidi ielekee Dar es Salaam. Wazee wa Mombasa hawajaisahau siku hiyo, na wako ambao hadi leo hawapendi kuizungumza.

Dunia nzima ilitaka kuona yaliyokuwa yakitendeka Unguja, na walioweza kuonyesha walikuwa wachache. Wako Wataliani waliopita juu kwa ndege na kupiga filamu ya watu wakikimbia na ya maiti zilizolala. Filamu ile ilionyeshwa mwaka 1966 na imezua ubishi tangu siku hizo. Mohamed Amin alikuwa mtu wa namna nyingine. Yeye aliingia kisiwani, akatembea miongoni mwa watu. Kiswahili alikuwa amekua nacho mitaani. Aliyeko angani haoni uso wa mtu wala hasikii asemalo. Aliyeko chini huona vyote viwili, na yeye pia huonekana. Na tusisahau kwamba kijana mwenyewe alikuwa Mhindi kwa sura, katika siku ambazo sura ya mtu iliweza kumponza. Muda wote ule alibeba kamera mkononi, nayo mbele ya mtu mwenye bunduki si kitu cha kuleta masikilizano.

Picha zake zilipelekwa ng'ambo, na jina lake likaanza kujulikana. Lakini kisiwa kilichompa jina ndicho kilichomtia adabu. Mwaka 1966 alirudi Unguja, akapiga picha za wakufunzi wa kijeshi kutoka Urusi na Ujerumani ya Mashariki, jambo ambalo wakubwa wa siku hizo hawakutaka lionekane. Alikamatwa akatiwa katika gereza la Kiinua Miguu, jina ambalo Mzanzibari wa umri ule halisikii bila kushtuka. Alikaa humo karibu mwezi mmoja, akateswa. Alipotoka alikuwa amedhoofika, na Tanzania ikamfukuza. Dar es Salaam, mji uliomlea, ukawa umemfungia mlango. Akarudi Nairobi alikozaliwa, akaanza upya.

Mengine yanajulikana zaidi, tuyapitie upesi. Tom Mboya alipouawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, Mohamed Amin alifika muda mfupi baada ya risasi kulia, akapiga picha za mwisho za kiongozi yule. Aliipiga picha Hija pia, na kitabu chake juu ya safari ya Makka kilitoka mwaka 1978. Wengi waliokiona walikuwa hawajajaaliwa kufika, nao waliitazama Kaaba humo. Kisha ikaja Oktoba 1984, kule Korem, Ethiopia, alipofika pamoja na Michael Buerk wa BBC. Picha zile za alfajiri, za watu waliokaa chini wakingoja chakula au mauti, zilizunguka dunia na kufungua mifuko ya matajiri. Mwaka uliofuata nyimbo ziliimbwa London na Philadelphia kwa ajili ya wenye njaa.

Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka mjini Addis Ababa. Msaidizi wake wa kunasa sauti alifariki papo hapo, na yeye akapoteza mkono wa kushoto. Wengine wangekaa nyumbani. Yeye alitengenezewa mkono wa bandia, akarudi kazini.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopia kutoka Addis Ababa akirejea Nairobi. Watu watatu waliiteka, wakadai iwapeleke Australia. Rubani aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, nao hawakukubali. Mafuta yalikwisha karibu na Ngazija, ndege ikaanguka baharini mbele ya ufuo ambao watalii walikuwa wakioga. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walikufa. Inasemekana Mohamed Amin alikuwa amesimama, akijaribu kuzungumza na wale watekaji, ndege ilipogonga maji. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Picha za Unguja za mwaka 1964 ziliachwa Nairobi, katika hazina ya Camerapix, pamoja na maelfu mengine.