Daktari Ribeiro, Tabibu Aliyesema Kweli

Ndugu msomaji, mara hii twapenda kukusimulia maisha ya tabibu mmoja aliyewatibu watu wa nchi hii kwa muda wa nusu karne. Hakuwa wa dini yetu, alikuwa Mgoa na Mkristo. Lakini uadilifu watulazimisha kumpa kila mwenye haki haki yake, wala wema hauachi kuwa wema kwa sababu ya jina la aliyeutenda.

Jina lake ni Rosendo Ayres Ribeiro. Alizaliwa Goa, katika Bara Hindi, nchi iliyokuwa wakati huo chini ya Wareno. Mwaka 1899 alishuka katika kisiwa chetu cha Mombasa. Reli iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1896 ilikuwa mwaka huo huo imefika Nairobi, mahali palipokuwa na kinamasi na mahema tu. Wengi walishuka bandarini petu wakaifuata reli kwenda kutafuta riziki, naye Ribeiro akaifuata mwaka 1900.

Huko alikaa katika hema, na hema hilo ndilo lililokuwa nyumba yake na mahali pa kutibia. Akawa tabibu wa kwanza Nairobi asiyekuwa wa serikali. Baadaye alihamia katika soko la Wahindi. Alimfuga punda milia, akamzoeza hata akakubali kupandwa, na juu ya mgongo wake akawa akizunguka kuwatazama wagonjwa majumbani mwao. Picha yake juu ya mnyama huyo yajulikana hata leo, na wengi humkumbuka kwa ajabu hiyo peke yake. Sisi twaona kuwa jambo la kumkumbukia ni jingine.

Mwaka 1902 aliona kwa wagonjwa wake dalili za tauni. Na tufikiri kidogo hali ya mtu huyu. Mahali pake pa kutibia palikuwa katika soko lile lile. Majirani zake ndio waliomletea riziki. Neno tauni lilitosha kufunga maduka na kuwatia watu khofu, na ingalikuwa rahisi kwake kusema kuwa ni homa tu, akanyamaza. Hakunyamaza, bali alipeleka habari kwa wakuu. Wakuu wakaamuru soko lichomwe moto, nalo likateketea pamoja na mahali pake yeye mwenyewe. Kidudu cha tauni kilikuwa kimekwisha kugunduliwa Hong Kong mwaka 1894, lakini kuwa viroboto vya panya ndivyo viuenezavyo ugonjwa huo lilikuwa jambo ambalo wataalamu wengi hawajalikubali bado. Kwa hivyo moto ndio ulioonekana kuwa dawa.

Sheria yetu ilikwisha kutufundisha tangu zamani kuwa palipo na tauni asiingie aliye nje, wala asitoke aliye ndani kwa kuikimbia. Lakini hukumu hiyo watu wataifuataje ikiwa hawakuambiwa kuwa maradhi yapo? Basi mwenye kuficha habari huwanyima watu njia ya kuitii sheria, na mwenye kuitoa huwafungulia.

Baada ya hayo Ribeiro aliendelea na kazi yake. Alitengeneza vidonge vya homa ya malaria vilivyopata sifa, na mwaka 1914 alifanywa makamu wa balozi mdogo wa Ureno mjini Nairobi. Mali aliyoichuma hakuila peke yake. Alitoa sehemu yake kwa ajili ya skuli ya watoto wa Kigoa, nayo ikaitwa kwa jina lake. Alifariki mwaka 1951.

Nasi wa Mbaraki na wa Mji wa Kale tuna la kujifunza. Mpaka leo kuna nyumba ambazo mgonjwa wa kifua kikuu hufichwa kwa kuona haya, na mwenye kuharisha kipindupindu husemwa kuwa amekula kibaya, mpaka jirani naye ashikwe. Kuficha huko si sitara. Sitara ni kumfunika ndugu yako aibu yake, si kumfunika jirani yako macho asione hatari imjiayo. Ikiwa tabibu yule alikubali kupoteza mahali pake pa kazi ili watu wasalimike, je, sisi hatuwezi kustahimili maneno ya watu?

Wabillahi tawfiq.