Shire Jama Ahmed na Herufi za Kisomali

Marehemu Shire Jama Ahmed, mwanaisimu wa Kisomali, aliamini kuwa lugha yake yaweza kuandikwa kwa herufi za Kilatini bila kubuniwa alama mpya. Katika miaka ya 1966 na 1967 alitoa jarida la Iftiinka Aqoonta kuthibitisha hoja hiyo. Wapo waliotaka hati ya Kiarabu, wengine ya Osmania. Mabishano yakawa makali hadi Oktoba 1972, Somalia ilipoidhinisha hati ya Kilatini. Herufi p, v na z ziliachwa. C na x zikapewa sauti za kooni. Hati hiyo ilivuka mpaka hadi Garissa. Huko, mwanafunzi anayetafuta neno lenye c, a, n na o, Kiingereza humpa canoe, mtumbwi. Kisomali humpa caano, maziwa.