Adair na Moto wa Visima

Wilaya yetu ya Kilosa hupitiwa na bomba la TAZAMA, lililoanza kupeleka mafuta Zambia mwaka 1968, na malori ya mafuta hukatiza Mikumi usiku na mchana. Kwa hiyo maisha ya Paul Neal Adair, maarufu kwa jina la Red, yanatuhusu.

Alizaliwa Houston, Marekani, mwaka 1915. Alitumikia jeshini katika kikosi cha kutegua mabomu, kisha akajifunza kwa Myron Kinley kazi ya kudhibiti visima vilivyofoka. Mwaka 1959 alianzisha kampuni yake.

Sifa zake zilivuma kutoka Afrika. Novemba 1961 kisima cha gesi cha Gassi Touil, Algeria, kilishika moto, na ndimi zake zikapanda mita 140 hivi. Adair hakuuparamia. Kwanza yalitafutwa maji jangwani, na vyuma vilivyoungua vikaondolewa. Ndipo Aprili 1962 akafikisha baruti mdomoni mwa kisima. Mlipuko uliunyima moto hewa ukazimika, kikazibwa gesi ingali ikifoka.

Mwaka 1991, kwa umri wa uzee, aliongoza kikosi kilichofunga visima 117 nchini Kuwait. Alifariki mwaka 2004.

Ujasiri wake ulitanguliwa na maandalizi. Tarehe 10 Agosti 2019 lori lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu wakakimbilia kuchota mafuta, na zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Ndugu wananchi, lori likianguka, tukae mbali, tuwaachie waliojiandaa.