Stanley, baharia mtoro aliyelizunguka Ziwa Nyanza

Wengi wetu tulimsoma Henry Morton Stanley shuleni kama mzungu aliyempata Livingstone pale Ujiji mwaka 1871. Kabla ya hapo alikuwa baharia, tena baharia mtoro.

Alizaliwa Wales mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini. Mwishoni mwa 1858 alipata kazi ya kijana wa melini kutoka Liverpool. Aliteswa njiani, na meli ilipofika New Orleans akaondoka asirudi. Vijana wa Dar es Salaam husema kuzamia, yaani kupanda meli kwa siri. Yeye alishuka kwa siri.

Mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alijiandikisha katika jeshi la majini. Muda wa utumishi ulikuwa miaka mitatu. Alikuwa karani katika meli ya kivita Minnesota, lakini Februari 1865 akatoroka. Alitumikia miezi kama saba tu.

Novemba 1874 aliondoka Bagamoyo na watu zaidi ya 300, wengi wao Waungwana wa Unguja. Mashua yake, Lady Alice, ilibebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi, kupita nyika za Usukuma hadi Kageye, karibu na Mwanza ya leo. (Huyo Alice alikuwa mchumba wake, aliyeolewa na mwingine kabla hajarudi.)

Machi 1875 aliingia majini na mabaharia 11. Msukani, yaani mshika usukani, alikuwa Wadi Safeni. Hadi Mei walikuwa wamelizunguka ziwa na kuthibitisha kwamba ni moja, si maziwa kadhaa kama wengine walivyodhani. Kisiwani Bumbire walizuiwa na kunyang'anywa makasia, wakaponea chupuchupu. Agosti Stanley alirudi na bunduki akaua makumi ya watu wa kisiwa hicho. Hata Uingereza kitendo hicho kililaumiwa.

Ndani ya msafara, mtoro alichapwa na kufungwa minyororo. Aliyetoa adhabu hiyo ni yule aliyeacha jeshi kabla ya mwaka kwisha, na waliomvumilia walikaa naye karibu miaka mitatu, mpaka mdomo wa mto Kongo. Wengi walifia njiani.

Stanley alipita tena kusini mwa ziwa mwaka 1889, akapumzika Usambiro kwa mmisionari Mackay, kisha akakata Usukuma kwenda pwani. Alifariki London tarehe 10 Mei 1904, akiitwa Sir.

Safeni hakufika kwao. Mwaka 1877, Lady Alice ilipoachwa juu ya maporomoko ya Isangila, aliambiwa bahari sasa iko karibu. Furaha ikampotezea akili. Akaingia msituni na kasuku wake begani. Wenzake walimtafuta wasimwone.