Maisha ya David Lloyd George na Bajeti ya Mwaka 1909

Katika toleo hili nimeona niwaletee habari za Bwana David Lloyd George wa Uingereza. Wengi wetu tunamkuta darasani kama Waziri Mkuu wa Vita Kuu ya Kwanza, mmoja wa wakubwa waliokutana Ufaransa mwaka 1919 kupatana juu ya amani. Hayo nitayapita haraka. Ninalotaka kuwasimulia ni jinsi alivyotafuta fedha za kuwalipa wazee, kwani hapo mtu huona waziwazi namna bajeti inavyopita Bungeni.

Alizaliwa Manchester tarehe 17 Januari, 1863. Baba yake, mwalimu wa shule, alifariki mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili. Mama akarudi na watoto kwa kaka yake, mshona viatu wa kijiji cha Llanystumdwy katika Wales, na mjomba huyo ndiye aliyewalea. Nyumbani walisema Kiwelsh. Kijana alipotaka kuwa wakili, mjomba alijifunza Kifaransa vitabuni, mshona viatu yule, ili amsaidie mpwa wake kushinda mtihani. Mwaka 1890 Lloyd George aliingia Bungeni kwa kuzidi kura 18 tu, na kiti hicho akakishika mpaka mwaka 1945.

Mwaka 1908 akawa Waziri wa Fedha. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya kuwalipa wazee maskini waliotimiza miaka 70 hadi shilingi 5 kwa juma, kuanzia tarehe 1 Januari, 1909. Kabla ya hapo, mzee asiye na kitu wala mtoto wa kumtunza mara nyingi aliishia katika nyumba ya maskini, na watu waliiogopa nyumba hiyo kama jela.

Lakini fedha zitoke wapi? Wakuu wa jeshi la majini nao walikuwa mlangoni wakitaka manowari mpya 6, kwa kuwaogopa Wajerumani. Lloyd George na rafiki yake Winston Churchill walisema 4 zatosha. Baada ya mabishano makali mawaziri walikubaliana zijengwe 4 mara moja, na 4 nyingine ikionekana lazima; mwishowe zikajengwa zote 8. Sokoni mapatano huangukia katikati ya bei mbili. Hapa bei ilizipita zote mbili! Hazina ikawa na upungufu wa karibu paundi milioni 16.

Tarehe 29 Aprili, 1909 Lloyd George alisimama Bungeni akaisoma bajeti yake kwa zaidi ya saa nne. Aliongeza kodi ya mapato kwa matajiri, ushuru wa pombe kali na tumbaku, akaleta na ushuru wa petroli. Jambo lililowachoma wakubwa ni kodi ya ardhi. Mwenye kiwanja akikaa tu, mji ukamfikia, bei ikapanda bila yeye kuinua jembe, basi akiuza serikali ilitaka sehemu moja katika tano ya nyongeza ile.

Hata katika chama chake cha Liberal walikuwamo wenye mashamba. Mswada ulijadiliwa kwa siku 70 hivi, mara nyingine mpaka usiku wa manane, na Lloyd George akawa akitoa hiki ili asinyang'anywe kile. Alikubali nusu ya mapato ya kodi za ardhi iende kwa mabaraza ya miji na wilaya. Alikubali gharama ya kuthamini ardhi ibebwe na serikali. Kodi zenyewe hakuziachilia. Tarehe 4 Novemba mswada ulipita kwa kura 379 dhidi ya 149.

Ukaenda kwa Malodi, yaani baraza la wakubwa wasiochaguliwa, wengi wao wakiwa wamerithi vyeo. Desturi ya miaka mingi ilikuwa kwamba hawagusi mambo ya fedha. Safari hii waliukataa, kura 350 kwa 75. Ikabidi uchaguzi uitishwe Januari, 1910.

Matokeo yalikuwa ya ajabu. Liberal na Conservative walikuwa karibu sawa, na serikali ikawa mikononi mwa wabunge 82 wa kizalendo wa Ireland na 40 wa chama cha wafanyakazi. Wengi wa hao wa Ireland waliongozwa na John Redmond. Bajeti hawakuipenda, kwa sababu ushuru wa wiski uliwaumiza watengenezaji wa kwao. Lakini walitaka Ireland ijitawale, na waliokuwa wamekataa jambo hilo mwaka 1893 ni Malodi walewale. Hivyo Redmond akaweka masharti: kwanza nguvu ya Malodi ya kukataa miswada ivunjwe, ndipo bajeti ipate kura, na ushuru wa wiski upunguzwe.

Mawaziri walisumbuka majuma mengi. Mwishowe walimpa lile kubwa wakamnyima dogo: wiski ilibaki na ushuru wake, ila maazimio ya kuwafunga Malodi yakapitishwa mbele. Kwa maoni yangu Redmond hakupunjwa. Bajeti ilipita tarehe 27 Aprili, 1910, Malodi wakaikubali kesho yake bila kupiga kura, na tarehe 29 ikawa sheria, mwaka mmoja kamili tangu isomwe. Sheria ya mwaka 1911 ikaamuru kwamba mswada wa fedha Malodi hawawezi kuuzuia zaidi ya mwezi mmoja.

Zile kodi za ardhi zilileta fedha kidogo sana. Zilifutwa mwaka 1920, Lloyd George akiwa Waziri Mkuu anayetegemea kura za Conservative, watu waliokuwa wamezipinga. Malipo ya wazee yalibaki.

Aliacha uwaziri mkuu mwaka 1922, huku akilaumiwa kwamba vyeo vya heshima viliuzwa wakati wake. Mwanzoni mwa mwaka 1945 yeye mwenyewe alikubali cheo kilichompa kiti katika baraza la Malodi. Hakuwahi kukikalia. Alifariki tarehe 26 Machi, 1945, akazikwa kando ya mto Dwyfor, katika kijiji cha mjomba wake.