Rumphius, Kipofu wa Ambon

Karibu ninyi nyote mmekwisha kuona simbi. Ni kitu kidogo, cheupe, laini kama yai, na upande wa chini kuna ufa wenye meno meno. Wazee walizishona juu ya kofia na mishipi, na katika nchi nyingi zilikuwa fedha ya kununulia vitu. Huko Sanga, karibu na ziwa la Kisale katika Katanga, wataalamu waliochimba makaburi ya kale walikuta simbi zimelazwa pamoja na wafu waliozikwa zaidi ya miaka 700 iliyopita. Wakuu wengi wa nchi hizo walivaa pia mpande, yaani kisahani cheupe kilichokatwa katika kombe la konokono wa bahari. Lakini Kisale ni mbali sana na bahari. Vitu hivyo vilitoka katika bahari ya Hindi, vikapita mkono kwa mkono, soko kwa soko, mpaka vikafika kwetu vikiwa vitupu. Aliyevaa hakujua ni mnyama gani aliyekaa ndani.

Maana ndani ya kila simbi palikuwa na mnyama. Ni konokono, na hana mfupa hata mmoja. Bahari za nchi za joto zimejaa wanyama wasio na uti wa mgongo: konokono, chaza, kaa, kamba, pweza, jongoo wa bahari, kiti cha pweza mwenye mikono mitano, na wale wadogo mno wanaojenga matumbawe. Mmoja wa watu wa kwanza kuwaeleza vizuri, kila mnyama na desturi zake, ni Georg Eberhard Rumphius. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo aliifanya akiwa kipofu.

Rumphius alizaliwa mwaka wa 1627 katika Ujerumani. Baba yake alikuwa mjenzi, akamfundisha kupima na kuchora. Akasoma Kilatini katika shule ya mji wa Hanau. Alipokuwa kijana, bwana mmoja mkubwa alikusanya vijana akiwaahidi kazi ya askari katika mji wa Venezia. Kumbe ilikuwa hila. Walipokwisha kupanda merikebu wakatambua kwamba wanapelekwa Brazili kupigana vita vya Waholanzi. Rumphius hakufika Brazili. Alijikuta katika Ureno, akakaa huko karibu miaka mitatu kabla ya kurudi kwao. Mtu mwingine angaliapa kutopanda merikebu tena. Yeye, baada ya kufa mama yake, alijiandikisha kwa hiari katika Kompani ya Uholanzi iliyofanya biashara katika Uhindi wa Mashariki. Aliondoka mwisho wa mwaka wa 1652, na mwaka wa 1654 akafika kisiwa cha Ambon. Tangu siku hiyo hakurudi Ulaya kamwe.

Ambon ni kimoja cha visiwa vya Moluku, upande wa mashariki wa nchi ya Indonesia ya leo. Huko ndiko asili ya karafuu. Hata mikarafuu ya Unguja na Pemba mbegu yake ilitoka visiwa hivyo. Kwa ajili ya karafuu Wazungu walipigana wao kwa wao na kuwatesa wenyeji. Kompani ilitaka kuuza peke yake, kwa bei yake. Kwa hiyo ilikata mikarafuu ya visiwa vingine, ikaacha miti pale tu ilipoweza kuilinda kwa bunduki. Rumphius alikuwa askari wa Kompani hiyo, na si vizuri kuficha jambo hilo. Lakini mwaka wa 1657 aliomba kuacha uaskari, akapewa kazi ya karani wa biashara. Akakaa kwanza Larike, kisha Hila, kijiji kilicho kwenye ufuo wa kaskazini. Saa za kazi alihesabu magunia. Saa nyingine zote alitembea msituni na ufuoni.

Namna yake ya kujifunza ilikuwa ya akili. Hakutosheka na vitabu vya Ulaya, maana waliovitunga hawakuwa wameiona bahari hiyo. Aliwauliza wavuvi, waganga, na wanawake waliookota chaza wakati wa maji kupwa. Aliandika jina la kila mnyama kama walivyolitaja kwa Kimalayu na kwa lugha ya Ambon. Akaandika pia kama analiwa, anapikwaje, na kama ana sumu. Mke wake, jina lake Susanna, alimsaidia tangu mwanzo kutafuta mimea, na kwa kumkumbuka aliliita ua moja jeupe la porini kwa jina lake.

Sikieni habari ya wawo. Kila mwaka, mnamo Machi au Aprili, usiku chache baada ya mwezi mpevu, bahari ya Ambon hujaa vidudu virefu vyembamba kama nyuzi, vyekundu na vya kijani, maelfu kwa maelfu. Watu huingia majini na mienge, huvichota kwa nyavu na vikapu, wakaenda kuvipika. Ni kama sisi tunavyotoka usiku na taa kuokota kumbikumbi baada ya mvua. Rumphius aliandika habari hiyo na nyakati zake. Leo twajua sababu. Mdudu mwenyewe hukaa mwaka mzima katika mashimo ya matumbawe. Usiku ule hukata sehemu ya nyuma ya mwili wake, iliyojaa mayai au mbegu, nayo hupanda juu ya maji kuzaa. Kichwa hubaki shimoni, kikaota mkia mwingine. Kwa kuwa wote hutoka pamoja, mayai hukutana na mbegu, na samaki hawawezi kuwamaliza wote.

Habari nyingine ni ya kutisha. Katika kisiwa cha Banda mtumwa mmoja mwanamke alikuwa akisaidia kuvuta wavu. Akaona konokono mzuri, akamwokota, akaenda naye mkononi. Alisikia mwasho kidogo tu. Mwasho ukapanda mkono, ukaenea mwili mzima, naye akafa. Jina lake halikuandikwa, lakini yeye ndiye mtu wa kwanza anayejulikana katika vitabu kuwa aliuawa na konokono wa namna hiyo. Konokono huyu ana jino kama mshale mdogo mno, lenye tundu ndani na sumu. Hulirusha katika mawindo yake, nayo hulegea. Jamaa yake wako pia pwani ya Afrika ya Mashariki, na mpande wa wakuu wetu ulikatwa katika kombe la konokono wa jamaa hiyo hiyo. Karne tatu baada ya Rumphius wataalamu walichunguza sumu ya mmoja wao, wakapata ndani yake dawa ya kutuliza maumivu makali sana. Mwaka wa 2004 Marekani iliruhusu dawa hiyo itumiwe na waganga.

Rumphius alieleza pia nautilo. Kombe lake limejikunja kama pembe ya kondoo dume, na ndani limegawanyika vyumba vyumba. Mnyama hukaa katika chumba cha mwisho tu, na vyumba vingine vyenye hewa humsaidia kuelea. Ni ndugu wa pweza, lakini ana mikono midogo ipatayo tisini. Watu wa Ulaya waliliona kombe, wakalifanyia vikombe vya fedha kwa wafalme. Mnyama mwenyewe hawakumjua. Mchoro uliotoka Ambon ndio ambao wataalamu waliutumia zaidi ya miaka 100, mpaka Mwingereza Richard Owen alipompasua mmoja na kuandika habari zake mwaka wa 1832.

Mwaka wa 1670, Rumphius akiwa na miaka 42 hivi, macho yake yalianza kuuma, na katika muda mfupi giza likamfunika. Hapo angaliweza kukaa barazani na kungoja kifo, na hakuna ambaye angalimlaumu. Kompani haikumfukuza, maana shauri lake lilikuwa na faida kwao. Wakamhamishia mji wa Ambon. Alikuwa ameanza kitabu chake kwa Kilatini. Sasa hakupata makarani waliojua lugha hiyo, ikambidi aanze upya kwa Kiholanzi. Wavuvi walizidi kumletea vitu vya baharini. Yeye alivishika, akapapasa kila mstari na kila mwiba kwa ncha za vidole, akavinusa, akauliza rangi zake, kisha akasema, na karani akaandika. Mwanawe, Paul Augustus, na wengine walimchorea picha. Ukisoma maandiko yake huwezi kujua kwa urahisi ni ukurasa gani ulitungwa na mtu mwenye macho, na ni upi ulitungwa na kipofu.

Tarehe 17 Februari 1674, jioni, mbalamwezi iling'aa. Wachina wa mji walikuwa na sikukuu ya mwaka wao mpya, na Susanna na binti yake walikuwa wamekwenda kuitazama. Mara nchi ikatetemeka. Kengele za ngome zikalia zenyewe. Ukuta ukawaangukia mama na binti, wakafa wote wawili. Ufuoni upande wa kaskazini, kule Hila alikokaa zamani, bahari ilipanda juu ya vijiji na kuvifagia. Zaidi ya watu 2,000 walikufa. Kipofu yule, katika msiba wake, akaandikisha habari za kila kijiji: maji yalipanda mpaka wapi, wangapi walipotea, nani aliona nini. Habari hiyo ilipigwa chapa mwaka wa 1675, na hata leo wataalamu wa matetemeko ya bahari huisoma.

Mwaka wa 1682 aliuza makombe yake kwa Cosimo III, mtawala wa Toscana katika Italia. Fikirini, mtu aliyewajua vitu vyake kwa vidole, sasa sanduku ni tupu. Akaanza kukusanya tena. Mwezi wa Januari 1687 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji. Vitabu vyake na picha nyingi za mimea vikaungua. Wasaidizi wake wakaketi tena, wakachora tena.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa kitabu cha mimea ya Ambon. Sehemu sita za kwanza zilipokuwa tayari, zilipelekwa Batavia, mji tunaouita leo Jakarta. Mkuu wa huko, Johannes Camphuys, alipenda elimu. Kabla ya kuruhusu maandiko yaende Ulaya, aliagiza yanakiliwe yote kwa mkono. Ilikuwa bahati kubwa. Mwaka wa 1692 merikebu iliyoitwa Waterland iliondoka nayo, Wafaransa wakaizamisha, na kazi ya miaka mingi ikaenda chini ya bahari. Nakala ya Camphuys ikafika Uholanzi mwaka wa 1696. Je, ikapigwa chapa? Hapana. Wakubwa wa Kompani waliogopa kwamba wageni wangesoma ndani yake mambo ya karafuu na kungumanga, wakaifungia. Maji na moto havikuimaliza; sasa sanduku la wafanya biashara likaificha, na mimi naona hili lilikuwa baya kuliko yale mawili, maana moto hauna akili.

Kitabu cha makombe na wanyama wa bahari kilipata njia nyingine. Rumphius alimpelekea maandiko yake rafiki aliyekuwa mganga katika mji wa Delft, jina lake Hendrik d'Acquet. Huyo akapeleka kazi mbele. Kitabu kina sehemu tatu: ya kwanza ni ya wanyama wenye ngozi au gamba laini, kama kaa na wenzake, ya pili ni ya konokono na chaza, ya tatu ni ya mawe na madini. Kikatoka katika Amsterdam mwaka wa 1705, chenye kurasa 60 za picha. Lakini Rumphius alikuwa amekufa Ambon tarehe 15 Juni 1702, akiwa na miaka 74. Hakukishika kitabu chake mkononi.

Wengine walikishika. Mwaka wa 1758 Carl Linnaeus wa Uswidi, aliyewapa wanyama majina ya Kilatini tunayoyatumia mpaka leo, alikifungua mara nyingi. Nautilo na konokono wengi walipata majina yao kutokana na picha za Ambon. Kitabu cha mimea nacho kilitoka mwishowe, kidogo kidogo, kuanzia mwaka wa 1741.

Kaburi la Rumphius lilivunjwa. Mwaka wa 1824 likajengewa jiwe la ukumbusho, nalo likavunjwa katika vita kuu ya pili ya dunia. Baadaye wakajenga lingine. Na katika ule mji wa Ambon askofu mmoja, Andreas Sol, alikusanya vitabu vingi vya habari za Moluku katika nyumba moja ya kusomea, akaiita kwa jina la kipofu yule.